Mjadala: Gitaa la solo linalia mfululizo hadi mwimbaji hasikiki. Ni ufundi au fujo?

Mdau wa Shangani: Bendi na kwaya nyingi hapa Mtwara, mwimbaji akianza ubeti na solo nalo linaanza. Kwangu ni fujo. Sauti ya mtu na gitaa vinagombea masafa yaleyale ya kati. Maiki ikipandishwa, mpiga gitaa naye anaongeza, mwisho spika zinapiga mluzi. Solo lisubiri mstari uishe, lijibu kwa noti tatu nne. B.B. King, mwimbaji na mpiga gitaa wa Marekani, alikuwa akiimba gitaa limenyamaza, kisha gitaa linamwitikia.

Mikindani: Huyo ni wa bluzi, kaka. Sebene, ile sehemu ya magitaa ya kasi baada ya kuimba, ni la kuchezwa. Ukilikatakata watu wanarudi vitini, na mwenye harusi hakulipia ukimya.

Mdau wa Shangani: Msikilize Franco na bendi yake ya Kongo, TPOK Jazz. Solo, gitaa la kati wanaloliita mi-solo, na rithimu: kila moja lina kipande kifupi linachokirudia, na vinapishana. Unachosikia kama mfululizo ni kazi ya watu watatu. Wewe unataka mmoja aibebe yote.

Fundi mitambo, Lindi: Mnasahau ukumbi. Ukuta wa zege ulio mita 17 mbele ya spika unarudisha sauti jukwaani baada ya sekunde 0.1 hivi. Kwenye wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, ukipiga noti nne kwa pigo, kila noti ina sekunde 0.125. Mwangwi wa noti unakaribia kuangukia juu ya noti inayofuata. Wasikilizaji wanapata uji. Na bado mtu anakanyaga pedali ya mwangwi! Izimwe hiyo kwanza.

Mwalimu wa kwaya, Masasi: Sisi tuna gitaa moja na kinanda. Gitaa likinyamaza, wimbo unapwaya.

Mdau wa Shangani: Lisinyamaze, mwalimu, lipunguze. Rithimu kwenye nyuzi tatu nyembamba tu, nene mwachie besi, na mpiga kinanda apunguze mkono wa kushoto. Kuzima sauti, legeza vidole bila kuvitoa kwenye nyuzi. Ukiviinua, nyuzi tupu zinalia. Zoezi: hesabu nne piga, nne nyamaza, mguu uendelee kugonga. Rekodi kwa simu. Wengi hurudi kabla ya "moja", kwa sababu wakinyamaza wanaacha na kuhesabu.

Mikindani: Kwenye ubeti nimekubali. Waimbaji wakishamaliza na sebene likaingia, hapo sisogei.