Mvua zikianza blogu yangu ya kilimo inalala: naombeni ushauri wa kupanga makala mapema

Mkulima_Uyole
Wakuu, habari za muda huu. Niko Uyole, Mbeya. Nina blogu ya kilimo, naandika zaidi viazi mviringo, mahindi na parachichi kwa ajili ya wakulima wa huku Nyanda za Juu Kusini. Agosti mpaka Oktoba nakuwa na nafasi, natoa hata makala 3 kwa wiki. Novemba mvua zikishika niko shambani tangu alfajiri, jioni mwili hautaki, na umeme ukikatika ndiyo basi tena. Blogu inakaa kimya miezi.

Kinachoniuma ni kwamba huo ndio wakati watu wanaihitaji. Huyu anauliza apande kwa nafasi gani, yule viazi vyake vimetoka mabaka. Wakikuta makala ileile ya Oktoba wanaondoka, na wengine hawarudi.

WordPress, programu ninayoendeshea blogu, inaruhusu kuandika leo na kuipangia makala tarehe, ikatoka yenyewe. Nataka kiangazi hiki niandike za msimu mzima. Waliowahi kufanya hivi, niandike ngapi? Zitoke kwa mwendo gani? Naomba kuwasilisha.

Binti_Mafinga
Pole na majukumu kaka. Mimi naandika mambo ya malezi na nina watoto wadogo, kwa hiyo bila akiba nisingedumu.

Usiongeze kazi, badilisha mgao tu. Hizo 3 unazoandika kwa wiki, toa 1, nyingine 2 ziweke akiba. Ukifanya hivyo Agosti, Septemba na Oktoba, unaingia msimu na makala kama 26. Moja kila wiki inakufikisha Aprili. Chagua siku moja na usiihame. Msomaji akishazoea kwamba Jumanne kuna kitu, anakuja mwenyewe. Tatu kwa wiki halafu kimya kirefu ni kumfundisha asikutegemee.

Fundi_Iringa
Mkuu, kabla hujapanga hata moja, kagua saa ya blogu. WordPress mpya mara nyingi huwa kwenye saa za UTC (saa ya kimataifa), na sisi tuko mbele kwa saa 3. Ukipanga makala itoke asubuhi saa moja, itatoka saa nne, mkulima ameshaondoka nyumbani. Ingia kwenye mipangilio ya jumla, sehemu ya majira ya saa, chagua Dar es Salaam. Na kumbuka kule saa inahesabiwa Kizungu: saa moja asubuhi unaandika 07:00. Nimeshaona watu wakiandika 01:00, makala inatoka usiku wa manane.

Jambo la pili wengi hawalijui. Kama WordPress umeiweka kwenye seva ya kukodi, kile kinachotoa makala kwa wakati huamshwa na mtu anapofungua blogu. Asipoingia mtu, makala inasubiri. Blogu yenye wageni wachache inaweza kuchelewa sana, na wakati mwingine inakwama kabisa. Waambie wenye seva wakuwekee amri ya kuiamsha kila baada ya dakika 15 au 30. Wengi wana sehemu hiyo, unaweza kuiweka hata wewe mwenyewe.

Mama_Parachichi
Wanangu mmesema vizuri, lakini naona mnamruhusu apange kila kitu. Hapana. Mvua haisomi kalenda yake.

Niko Tukuyu, huku mvua ni nyingi kuliko sehemu kubwa ya nchi. Mwenzangu wa Usangu, mkoa huohuo, analima kwenye ukame. Sasa wewe Agosti uandike "wiki hii wekeni mbolea ya kukuzia", uipangie katikati ya Desemba, kisha mvua ichelewe. Mtu wa Usangu atamwaga urea juu ya udongo mkavu, na nitrojeni, kirutubisho chake, inaweza kupotea hewani. Amepoteza mbolea yake kwa kukuamini. Andika kwa hatua ya mmea: mahindi yakifika magotini na udongo una unyevu. Hiyo ikitoka mapema au ikichelewa haimdhuru mtu.

Panga yale yasiyobadilika. Kutunza mbegu za viazi kwenye mwanga hafifu ili machipukizi yawe mafupi na yenye nguvu. Nafasi ya mahindi, sentimita 75 kwa 30, mche mmoja kila shimo. Kukomaza ngozi ya kiazi kabla ya kuchimba. Bei ya gunia usipange, wala habari za ruzuku ya mbolea. Na ukungu wa viazi ukishaingia kwenye baridi na mvua, unaweza kumaliza shamba ndani ya siku chache, hauwezi kungoja Jumanne yako. Habari kama hiyo piga picha ya jani, andika sentensi tatu kwa simu, itoe siku hiyohiyo, na ya akiba isogee wiki ijayo.

Binti_Mafinga
Mama umenena. Niongeze kwamba kila Jumapili afungue ile inayofuata aisome upya. Kukitokea maafa au msiba mkubwa mkoani, makala ya furaha iliyopangwa zamani ikichomoza asubuhi inaumiza watu.

Mkulima_Uyole
Shikamoo mama, na ahsanteni wote. Nimeelewa: moja kila Jumanne, akiba ni ya mambo ya kudumu, ya mvua na magonjwa natoa palepale. Mamlaka ya Hali ya Hewa wakishatoa utabiri wa mvua za Msimu nitaipitia foleni yote. Fundi, nikiona mvua zitachelewa, nitaweza kusogeza tarehe bila kuharibu kitu?

Fundi_Iringa
Unaweza. Fungua makala, badilisha tarehe, hifadhi. Ukiwa na shaka nayo irudishe iwe rasimu, haitatoka mpaka uiruhusu. Ukimaliza angalia orodha ya makala, kila moja iwe imeandikwa tarehe na saa yake. Na kabla ya Novemba jaribu moja ya kupangia kesho asubuhi, uone inatoka saa ngapi.

Mama_Parachichi
Marahaba mwanangu. Ile ya mbegu za viazi itangulize, huku watu wameshaanza kuzipanga darini gizani.