Mjadala: Je, biashara ya hisa za jozi ifundishwe vijana wetu kama njia salama?

Mwanzisha mada, Mkunazini:
Kijana wa mtaani kwetu ameniletea tangazo la darasa la kulipia linaloahidi faida "soko likipanda au likishuka". Njia yenyewe ni biashara ya jozi, iliyoanzishwa katika benki ya Morgan Stanley katikati ya miaka ya 1980: unatafuta hisa mbili ambazo bei zake zimezoea kwenda pamoja, na zinapoachana kupita kawaida unanunua iliyobaki nyuma na kuuza, kwa kuikopa, iliyotangulia, ukingojea pengo lizibe. Soko zima likianguka, hasara ya upande mmoja inafidiwa na upande wa pili, kama ngalawa inavyotulia kwa ndubi zake mbili. Elimu hiyo siipingi. Ninalolikataa ni neno "salama".

Mchangiaji, Wete:
Maalim, usiihukumu haraka. Watafiti Gatev, Goetzmann na Rouwenhorst walizipima hisa za Marekani za 1962 hadi 2002 kwa kanuni nyepesi: miezi 12 ya kuchagua jozi, miezi 6 ya kufanya biashara, na kuingia pengo linapozidi mikengeuko sanifu miwili, yaani mara mbili ya kipimo cha kuyumba kwake kwa kawaida. Walipata faida ya ziada ya takriban asilimia 11 kwa mwaka.

Mwanzisha mada:
Hao hao waliona faida ikipungua katika miaka ya mwisho ya kipimo chao, ndugu yangu. Tena angalia Royal Dutch na Shell, kampuni mbili zilizogawana mapato kwa 60 kwa 40, jozi ambayo hata mtoto angeiamini. LTCM, mfuko wa uwekezaji wa Marekani, uliweka fedha nyingi, za mkopo, kwamba bei zao zitarudiana. Pengo likapanuka, hasara hiyo ikajumlika na nyingine kubwa zaidi, na mwaka 1998 taasisi 14 zikalazimika kuuokoa mfuko huo kwa dola bilioni 3.6. Kampuni hizo ziliunganishwa kabisa mwaka 2005, pengo likaisha, lakini LTCM haikuwapo tena kuvuna. Hesabu yao ya jozi hii haikuwa na kosa. Waliishiwa na muda.

Mchangiaji, Chake Chake:
Nyote mmeliruka la kwanza. Kuuza hisa ya kukopa kunagusa katazo mashuhuri la Uislamu la kuuza usichokimiliki, na mkopo wenyewe mara nyingi hulipiwa riba. Mzazi wa hapa Pemba ataliuliza hilo kabla ya kuuliza asilimia.

Mchangiaji, Wete:
Hapo nakubali, Sheikh, kwamba mguu wa kuuza ndio mgumu kwetu kwa dini na kwa vitendo pia. Basi kijana aandike bei za hisa za benki za CRDB na NMB za kila siku kutoka Soko la Hisa la Dar es Salaam, achore pengo lake kwa mwaka mzima, wala asitoe senti kwa biashara ya jozi. Ada ya darasa ainunulie hisa zenyewe, kama mashekhe wake watamruhusu hisa za benki.