Naomba ushauri: gauni la ngazi tatu, uzi wa marinda unakatika kila nikivuta

Ua la Mbagala
Habari za jioni wakuu. Nashona gauni la kitenge hapa nyumbani, yadi 6, ngazi tatu, marinda ya kuvuta uzi. Kifua kimekaa vizuri, ngazi ya kwanza na ya pili zimekubali. Ya chini ndiyo inanitoa jasho. Nikivuta uzi marinda yanajazana sehemu moja kama donge, nikiyasukuma kwa kidole gumba yaende katikati, pap, uzi umekatika na yote yanafumuka. Cherehani ni Butterfly ya mguu, ya zamani ila nzima. Je, nibadilishe uzi au niazime cherehani ya umeme? Nina haraka kidogo. Kama huna ushauri pita kimya kimya tafadhali.

Reli ya Kati
Peleka kwa fundi, mambo yaishe. Mafundi wamejaa kila kona ya mji huu.

Mama Wawili
Umenikumbusha sayansi kimu shuleni. Mwalimu wetu alikuwa anakaa na rula, rinda likizidi mwenzake kidogo tu anakupa mkasi ufumue mwenyewe mbele ya darasa. Mpaka leo nikiona sketi ya marinda barabarani macho yanakwenda kwenye mshono kwanza, sura ya mvaaji baadaye. Pole mdogo wangu, kazi ya kuvuta uzi inataka subira.

Fundi Mstaafu
Mleta mada, nisaidie haya. Ngazi ya chini ina vipande vingapi, na ya kati vingapi? Uzi ni wa aina gani? Kitenge ulikilowesha kabla ya kukata? Na gauni la nani, mtu mzima au mtoto?

Ua la Mbagala
Shikamoo fundi. Ya juu kipande kimoja na nusu, ya kati viwili na nusu, ya chini sita. Upana wa kitenge ni inchi 45. Uzi niliukuta kwenye mtoto wa meza wa mama mkwe. Kulowesha hapana, niliogopa kitachuja. La mtu mzima. La nani haina shida, tubaki kwenye marinda.

Fundi Mstaafu
Marahaba. Cherehani iache, haina kosa. Vipande sita ni inchi 270, unataka kuviingiza kwenye inchi 112 na ushee za ngazi ya kati. Hiyo ni karibu mara mbili na nusu. Kwa kitenge ambacho bado kina ukavu wa dukani, mara moja na nusu inatosha kabisa. Ukitoa vipande viwili utabaki na inchi 180, litamwagika vizuri tu. Huo uzi wa mtoto wa meza ushike kwa mikono miwili uuvute kwa ghafla, ukikatika kirahisi umeoza, tupa. Na vitambaa ulivyokwisha kata usivitumbukize majini, kingo zitatoka nyuzi. Weka kitambaa chenye unyevu juu yake, piga pasi, kitalainika.

Sikonge Mpya
Dada, swali la gauni la nani mbona unalikwepa? Kama ni lako, toa vipande viwili ulale. Kama ni la mtu, sema, maana hapo ushauri unabadilika.

Ua la Mbagala
Haya. Ni la wifi yangu, la sendofu, Jumamosi hii. Mavazi nilikabidhiwa mimi, na hela ya fundi kamati ilinipa mimi. Nikaona kwa nini ile hela aende kuichukua mtu wa nje, wakati mapazia, mashuka na sare za watoto humu ndani nashona mwenyewe? Kazi nimefanya, hela ni ya kazi. Vipande sita ni matakwa yake, anataka akizunguka ukumbini gauni litande. Sipunguzi. Na sijamdanganya mtu, nilisema gauni liko kwa fundi, na fundi ni mimi.

Mtumishi Mwema
Hela ya kamati ni amana. Watu wamechanga. Hata kama unaweza kushona, ungewaambia kwanza.

Reli ya Kati
Mweka hazina yeye, fundi yeye, mkaguzi yeye. Hiyo kamati au serikali?

Jicho la Tatu
Wakuu, hii chai. Tena chai bila sukari. Yadi 6 zitoe ngazi tatu, ya chini peke yake vipande sita, halafu kibaki cha kifua na mikono? Na bibi harusi mtarajiwa akae mpaka wiki ya sendofu hajajaribu nguo? Huyu anatunga hadithi, sisi tunahangaika na hesabu.

Mama Wawili
Hata mimi nilianza kushangaa.

Fundi Mstaafu
Jicho la Tatu, chukua kalamu. Kimoja na nusu, viwili na nusu, sita, jumla vipande kumi. Kila kimoja kimo cha inchi 14 na nusu pamoja na mshono, hiyo ni 145. Yadi 6 ni inchi 216. Zinabaki 71, karibu yadi 2, na hapo kifua na mikono mifupi vinatoka. Kitambaa kinatosha. Mambo ya familia yao mimi siyajui.

Ua la Mbagala
Kifua alikijaribu, akajua nimekitoa kwa fundi mara moja. Nimeweka picha ya ngazi ya chini ilivyokatika, aangalie anayesema chai.

Jicho la Tatu
Picha nimeiona. Sawa, cherehani ipo na kitenge kipo. Hayo mengine naendelea kunywa taratibu.

Fundi Mstaafu
Picha imesema yote. Hatua zako za sindano ni fupi mno, umeshona kama unaunga nguo moja kwa moja. Mshono wa hivyo hauvutiki. Kile kishikio cha kwenye nguzo upande wa kulia, kipeleke mpaka hatua ndefu ya mwisho, kisha legeza kidogo kibano cha uzi wa juu. Kwenye bobini weka uzi mpya wa polista. Gawa ngazi ya chini robo nne kwa chaki, na ya kati hivyo hivyo. Kila robo ishonee mistari miwili yake, mmoja robo inchi kutoka ukingoni, wa pili robo tatu, na usiunganishe robo na robo. Vuta nyuzi za chini zote mbili kwa pamoja, nusu kutoka upande huu, nusu kutoka ule. Robo ikilingana na mwenzake, bana kwa pini, mshono wa kudumu upite katikati ya ile mistari. Ukifanya hivyo hata hivyo vipande sita vyako vitaingia, ila litakuwa zito, mwambie ajiandae kulibeba.

Ua la Mbagala
Nimejaribu robo moja usiku huu. Imeingia yote, uzi mzima! Asante sana fundi, Mungu akuweke. Sita vinabaki sita.

Sikonge Mpya
Hongera. Na wifi utamwambia lini?

Ua la Mbagala
Likishapigwa pasi. Akiliona limekamilika hatauliza ya hela.

Reli ya Kati
Kitenge chenyewe kizuri. Umechukua wapi, Mtaa wa Kongo?

Ua la Mbagala
Hapo hapo Kariakoo. Ukienda kilowesheni kwanza kabla ya kukata, hakichuji.