Bunduki ya dola 17 kwenye katalogi ya zamani: ilikuwa rahisi kweli?

Ngosha_wa_Igoma:

Wakuu, habari za jioni. Mimi nauza vitabu vya mtumba pale Mlango Mmoja, Mwanza. Kwenye boksi la vitabu vya shule limetoka dude zito, katalogi ya Sears, Roebuck ya Chicago ya mwaka 1902. Si yenyewe, ni ile iliyochapwa upya 1969. Humo wanauza kila kitu kwa posta: cherehani, magauni, majembe, dawa za kikohozi, halafu kurasa kwa kurasa za bunduki.

Aliyekimiliki kabla yangu alikuwa na ugonjwa wa bunduki, maana amebandika ndani matangazo aliyoyakata kwenye magazeti ya zamani. La kampuni ya Stevens linasema Maynard Jr. dola 3, Crack Shot dola 4, Favorite dola 6. Ni zile ndogo za risasi moja moja. Pembeni kaandika kwa penseli: "Colt Single Action Army, $17", yaani ile bastola ya filamu za cowboy.

Kijana anayenisaidia kibandani alivyoona hivyo akasema Wamarekani wa zamani walinunua bunduki kwa bei ya chipsi kuku za familia. Nikacheka, ila jibu sikuwa nalo. Dola 17 leo ni elfu arobaini na kitu. Mtandaoni naona Colt hizohizo za kale zinauzwa maelfu ya dola. Sasa nalinganisha vipi? Nizidishe kwa mfumuko wa bei tu basi? Sitafuti silaha jamani, afande akipita hapa asihangaike na mimi. Nataka kuandika kikaratasi cha maelezo nikiweke ndani ya kitabu, kipate bei nzuri.

Kapeto26:

Mkuu zidisha mara 35 umemaliza. 17 × 35 = 595. Tuendelee na mengine.

Sonara_Rwagasore:

Ngosha, hiyo mara 35 ya Kapeto si mbaya kwa miaka ya 1900 na kitu. Hata ukitazama sokoni Marekani leo, bastola ya kawaida ya kazi, isiyo na mapambo, iko dola 500 hadi 600. Lakini hapo umejibiwa swali moja, na wewe umefunga matatu kwenye bunda moja.

Mimi kazi yangu ni mizani, kwa hiyo naanzia huko. Dola ya wakati ule ilikuwa imefungwa kwenye dhahabu. Wakia moja ilikuwa dola 20.67, ikakaa hapo hadi 1933, na 1934 serikali ya Roosevelt ikaipandisha hadi 35. Wakia ya dhahabu ni gramu 31.1. Maana yake dola moja ilikuwa gramu moja na nusu hivi, na dola 17 ni gramu 25 na nusu. Mwambie huyo kijana wa chipsi kuku atoke Geita na gramu 25 mfukoni, aone stendi nzima itakavyomwita bosi. Mwaka 2025 wakia ilivuka dola 3,000, na kabla mwaka haujaisha ikapita 4,000. Chukua hiyo 3,000 tu: Colt ya dola 17 inasimama kwenye dola 2,450 hivi. Kapeto anasema 595. Hakuna aliyekosea hapo, ila dhahabu imekimbia na kuacha mkate na nyama nyuma.

Ndiyo maana mimi naona kipimo cha maana zaidi ni jasho. Kabla ya Januari 1914 mfanyakazi wa Ford kule Detroit alikuwa analipwa dola 2.34 kwa siku ya saa tisa. Kwa dola 17 hapo unazungumzia zaidi ya siku saba za kusimama kiwandani, bila kula, bila kodi ya nyumba. Ford akapandisha ikawa dola 5 kwa saa nane, zikabaki siku tatu na nusu. Chuma kilekile! Kwa hiyo Colt haikuwa kitu cha kila mtu. Mkulima na mwanawe walikuwa wanaangalia hizo Stevens za dola 3 na 4.

Sasa ilete huku kwetu, hapo ndipo utaona. Mdachi, yaani Mjerumani aliyetutawala, alikuwa anatumia rupia. Baada ya 1905 rupia 15 zilihesabiwa sawa na mark 20, na dola ilikuwa mark 4.20. Piga mwenyewe: dola 17 ni rupia 53 na ushee. Kodi ya nyumba kijijini, ile ya serikali si ya kupanga, ilikuwa rupia 3 kwa mwaka, na kuna watu walipelekwa kazi za shuruti kwa kuzikosa hizo tatu. Bastola moja ya katalogi yako ni kodi ya nyumba ya babu kwa zaidi ya miaka 17. Andika hilo kwenye kikaratasi, achana na chipsi.

Swali la tatu ni hayo maelfu ya dola unayoyaona mtandaoni. Hayo hayahusiani na katalogi kabisa. Mteja mmoja aliwahi kuniletea sarafu ya dhahabu ya rupia 15, zile Wajerumani walizozipiga Tabora mwaka 1916 vita imewabana, kwenye karakana ya reli, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Tembo kainua mkonga, nyuma yake mlima. Nikaiweka kwenye mizani: gramu 7 na kidogo, tena robo yake si dhahabu, ndiyo maana rangi inaelekea wekundu. Kwa bei ya kuyeyusha ni pesa, ila si ya kukesha ukihesabu. Mnadani Ulaya wanailipia mara kadhaa ya hiyo. Nilimwambia aitoe haraka karibu na tanuru langu kabla sijashawishika.

Colt ya kale iko hivyohivyo. Anayelipa maelfu halipii chuma. Analipia namba zilizochongwa zifanane sehemu zote, rangi ya kiwandani iliyobaki, barua inayoonyesha ilipelekwa wapi. Ukiipiga msasa ing'ae, umeichinja bei. Na sheria ya bunduki ya Marekani ya 1968 inaihesabu ya kale ile iliyotengenezwa 1898 au kabla, kwa hiyo mbili zinazofanana, moja ya 1898 na nyingine ya 1899, zinaweza kuachana bei kwa tarehe tu.

Binti_Nansio:

Sonara umeandika vizuri, ila mmesahau nauli. Bei ya katalogi ni ya Chicago. Hadi tarehe 1 Januari 1913 posta ya Marekani haikuwa na huduma yake ya vifurushi vikubwa, mzigo mzito ulikwenda kwa treni na mteja anaufuata stesheni na mkokoteni. Sasa jiulize ungefikaje Mwanza mwaka 1902. Reli ilikuwa imetoka Mombasa ikagusa ziwa pale Kisumu mwisho wa 1901, kutoka hapo ni chombo cha majini. Ya kwetu ya kutoka Tabora ilifika Mwanza 1928. Sisi wa Ukerewe tunajua bei ya kitu kilichopanda meli hata leo, saruji tu ikishuka Nansio ina jina jingine.

Mstaafu_wa_Pori:

Shikamooni wakubwa, vijana marahaba. Nimefanya kazi ya wanyamapori, niongeze machache.

Huku bara bunduki za kisasa zisingeingia kirahisi hata ungekuwa na hizo rupia 53. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizibana silaha za kisasa Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini, wakaacha mwanya kwa magobole ya gumegume. Wakati Mmarekani anachagua Colt kwenye karatasi, mwindaji wa Kisukuma anashindilia baruti kwa mti kupitia mdomo wa mtutu. Tofauti ya bei hapo ilipangwa mezani na wakubwa.

Pili, bei inaweza kushuka sana bila bunduki kuwa mbovu. Baada ya Vita vya Pili majeshi yalimwaga mali sokoni. Ile bunduki ya Kiitaliano, Carcano, aliyoinunua Lee Harvey Oswald, mtuhumiwa wa mauaji ya Rais Kennedy, mwaka 1963 kwa posta kutoka duka la Klein's la Chicago ilikuwa dola 19.95 pamoja na darubini yake, na 1.50 ya kusafirisha. Zidisha kwa hesabu ya Kapeto utapotea, maana ya 1963 haizidishwi mara 35, ni mara kumi tu. Sheria ya 1968 ndiyo iliyofunga biashara ya kumtumia raia bunduki kwa posta kutoka jimbo hadi jimbo.

Nyingine ni Thompson, ile bunduki ya rashasha ya majambazi wa Chicago. Mwaka 1921 ilikuwa dola 200 na zaidi, wakati Ford Model T ya bei ya chini mwaka 1925 ilikuwa 260. Karibu gari zima! Mwaka 1934 wakaiwekea kodi ya dola 200, na mwaka 1986 wakazuia mpya kusajiliwa kwa raia. Zilizobaki leo ni makumi ya maelfu ya dola. Hapo mfumuko wa bei hauna kosa, ni uhaba wa kisheria.

Na kwa wanaosoma hapa wakiwa na gobole la babu darini: kwetu hakuna cha "ya kale". Bila leseni ni kosa. Lipeleke kituoni kipindi cha kusalimisha kwa hiari, usije kutafuta bei yake mtandaoni.

Ngosha_wa_Igoma:

Ahsanteni sana wakuu, marahaba nimeipokea mzee. Kikaratasi nimekiandika: dola 17, siku saba za Ford, rupia 53, kodi ya nyumba miaka 17, nauli haimo. Kitabu naweka elfu themanini, maongezi yapo.

Kapeto26:

Elfu themanini umepiga kwa mara 35 au kwa dhahabu?

Ngosha_wa_Igoma:

Kwa uhaba, mkuu. Mwanza nzima kipo kimoja.