Nipo mwaka wa pili chuo kidogo, darasani tuko sita: nihame au nibaki?

Mpenda_takwimu
Wakuu, habari za wakati huu. Naomba mnisome hadi mwisho maana mambo yangu yamechanganyikana.

Nasoma shahada ya takwimu kwenye chuo kidogo. Chuo kizima hatufiki elfu moja, darasani kwetu tuko sita. Mwaka wa kwanza nilifurahi sana. Wahadhiri walinijua kwa jina, nikikosa kipindi naulizwa kulikoni.

Muhula uliopita nilimuuguza mama, nikakosa wiki tano za katikati. Niliporudi wenzangu walikuwa mbali na Nadharia ya Uwezekano ikanishinda. Nimefeli. Kozi hiyo kwetu hufundishwa kila baada ya mwaka mmoja, kwa sababu wanaunganisha madarasa mawili. Maana yake mwakani haipo. Nikingoja irudi nitakuwa mwaka wa nne, na kozi zinazoitegemea zitanisukuma mwaka wa tano, labda wa sita.

Juu ya hilo, mhadhiri mmoja kati ya watatu wa idara ameondoka, na kuna tetesi kwamba programu yetu itafungwa. Rafiki yangu yuko chuo kikubwa, ananiambia nihame, huko kozi hiyo ipo kila muhula.

Nihame? Na nikibaki, nianzie kwa nani? Nalala vibaya kwa ajili ya jambo hili.

Kifaru_mpole
Hama. Programu yenye wahadhiri wawili haina usalama. Akiumwa mmoja, nusu ya shahada yako imelala.

Chaki_na_ubao
Mwanangu, pole na mama, na pole na mtihani. Nimefundisha vyuo vikubwa na vidogo, na miaka kumi na moja nilikuwa mkuu wa idara yenye watu wanne. Ngoja nikueleze jinsi mambo yanavyokwenda huko ndani.

Kwenye chuo kidogo njia za kumsaidia mwanafunzi kama wewe zipo, ila hazibandikwi ukutani. Zimo kichwani mwa watu wawili watatu. Usipouliza, hakuna atakayekuambia, na si kwa ubaya; hawakumbuki kwamba hujui.

Njia ya kwanza ni kusoma kozi hiyo mwakani chini ya usimamizi wa mhadhiri mmoja, nje ya ratiba. Mnakutana mara moja kwa wiki, unafanya mazoezi na kazi zilezile, unafanya mtihani uleule. Mimi nimewasimamia wanafunzi kwa namna hiyo na walifaulu. Njia ya pili ni kuichukua chuo kingine wakati wa likizo, kisha krediti zihamishiwe kwenu. Hapa sikiliza vizuri: pata kibali cha maandishi KABLA hujajisajili huko. Nimemwona kijana aliyefaulu kozi nzima likizoni, aliporudi akaambiwa maudhui hayalingani. Hakuwa na karatasi yoyote mkononi.

Ya tatu inahusu zile wiki tano. Je, uliomba kuahirisha kozi, au uliingia mtihanini kimyakimya?

Mpenda_takwimu
Niliingia kimyakimya, mwalimu. Sikujua kama inawezekana kuahirisha. Nilimwambia mhadhiri kwa mdomo tu kwamba nina mgonjwa.

Chaki_na_ubao
Nilidhani hivyo. Vyuo vingi vina kifungu cha kuomba matokeo yafikiriwe upya kwa sababu ya ugonjwa au kuuguza, lakini kina siku zake za mwisho, na wakati mwingine ni chache sana. Tafuta kanuni za mitihani leo hii. Andika barua, ambatanisha cheti cha hospitali cha mama chenye tarehe, na mwombe yule mhadhiri uliyemwambia kwa mdomo athibitishe kwa maandishi kwamba ulimjulisha. Kwenye darasa la watu sita atakukumbuka. Kwenye ukumbi wa watu mia tatu asingekukumbuka.

Binti_Safari
Mimi nilihama, kutoka kidogo kwenda kikubwa, nikiwa mwaka wa pili mwishoni kama wewe. Sijuti, lakini nataka ujue bei yake. Kozi zangu za miaka miwili zilipokelewa pungufu. Kozi tatu zilikuwa na majina yaleyale kabisa, wakakataa kwa sababu sikuwa na silabasi, nilikuwa na orodha ya alama tu. Na vyuo vingi vinadai sehemu fulani ya krediti zako uzipatie kwao ndipo wakupe shahada yao. Hata Ulaya, ambako vyuo vingi vinatumia kipimo kimoja cha krediti 60 kwa mwaka, anayeamua ni chuo kinachokupokea.

Kwa hiyo hata kama hujaamua, anza leo kukusanya silabasi za kila kozi uliyosoma. Mhadhiri aliyeondoka mwandikie sasa, bado anakujua.

Kifaru_mpole
Binti Safari kanifanya nifikiri upya. Asihame kabla ya kupata jibu la maandishi kutoka huko aendako, likisema ni kozi zipi wanazipokea. Bado nina hofu na hizo tetesi lakini.

Chaki_na_ubao
Hofu yako ina msingi. Lakini kuna tofauti kati ya programu kufungiwa mlango wa udahili na waliomo kutupwa nje. Mara nyingi chuo kinachofunga programu huacha kupokea wapya na kuwafundisha waliobaki hadi wamalize, na vyombo vingi vya ithibati, yaani vinavyothibitisha ubora wa vyuo na programu, hudai mpango huo uonekane. Aulize mpango huo. Pia ahakikishe ithibati ya programu yenyewe haijaisha muda wake, kwa sababu ithibati ya chuo kizima peke yake haitoshi kila mahali.

Nuru_ya_kisima
Mmezungumza kozi, mimi nizungumze yeye. Dada, umesema hulali. Nenda kwa mwanasihi. Najua chuo kidogo mwanasihi huwa mmoja, pengine anakufundisha pia, na unaogopa habari zitazagaa. Una haki ya kumuuliza mwanzoni kabisa: nikikueleza, nani mwingine anaona faili langu? Akishindwa kukujibu waziwazi, omba wakupe rufaa kwa mtu wa nje. Mimi nilinyamaza mwaka mzima kwa kuogopa kujulikana, na kimya hicho kilinigharimu kozi mbili.

Chaki_na_ubao
Ahsante kwa hilo, Nuru. Nami niongeze moja la masomo. Mwaka 1973, Deanna Martin alianzisha kwenye Chuo Kikuu cha Missouri–Kansas City utaratibu wa kusaidia kozi ngumu badala ya kuwatenga wanafunzi dhaifu. Mwanafunzi aliyekwisha kufaulu kozi anahudhuria tena mihadhara, kisha anawaongoza wenzake kwenye vikao vya wote, hakuna anayenyooshewa kidole. Chuo chenu labda hakina fungu la kuendesha hayo. Lakini yupo aliyefaulu Nadharia ya Uwezekano mzunguko uliopita. Mtafute, kaeni saa mbili kwa wiki na mazoezi mbele yenu.

Mpenda_takwimu
Nashukuru sana, wote. Nimesoma kanuni: siku za kukata rufaa zimebaki tisa. Barua nimeanza kuiandika, cheti cha mama ninacho. Jumatatu asubuhi naingia kwa mkuu wa idara kuomba kusoma kozi chini ya usimamizi. Kuna kitu nimesahau?

Chaki_na_ubao
Muulize nani atasimamia utafiti wako wa mwaka wa mwisho ikiwa mmoja wa hao wawili naye ataondoka. Mkimaliza kuzungumza, mwandikie barua pepe siku hiyohiyo ukirudia mliyokubaliana, na umwombe ajibu kama umeelewa sawa.

Mpenda_takwimu
Sawa mwalimu. Nitaleta mrejesho Jumatatu jioni.