Naomba ushauri: nifundisheje uteuzi asilia kwa vijana Wakristo?

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu.

Ninafundisha misingi ya baiolojia kwa kikundi cha vijana wa sekondari, wote Wakristo, na wazazi wameomba somo lisitenganishwe na imani. Mwanzoni hapakuwa na shida. Seli, DNA, usanisinuru, yote yalikwenda vizuri pamoja na Zaburi 139. Urithi wa sifa kutoka kwa wazazi ndio waliupenda zaidi, hasa walipojua kwamba Gregor Mendel, mwanzilishi wa elimu hiyo, aliyechapisha majaribio yake ya njegere mwaka 1866, alikuwa mtawa.

Nimekwama kwenye uteuzi asilia, yaani viumbe wenye sifa zinazowafaa katika mazingira yao huishi na kuzaa zaidi kuliko wengine. Usugu wa bakteria dhidi ya antibiotiki wanaukubali bila ubishi: wale wachache ambao jeni zao zimebadilika kwa namna inayowalinda hubaki hai, huzaana, na dawa haiwawezi tena. Lakini tukifika kwenye asili moja ya viumbe wote, darasa linagawanyika. Nilijaribu kusoma nao Mwanzo 1 sambamba na kitabu cha kiada, ikageuka mabishano juu ya urefu wa zile siku sita. Mzazi mmoja kanishauri niiruke mada. Sitaki, maana mtihani hauiruki.

Kwa mliowahi kufundisha: mnaanza na ushahidi wenyewe (visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa kwenye miamba, na ulinganifu wa DNA), au na misimamo mbalimbali ya Wakristo kuhusu uumbaji? Na mwanafunzi akiuliza, "Mwalimu, wewe unaamini lipi?", mnamjibu waziwazi au mnamrudisha kwa wazazi na mchungaji wake?