Kadi ya 10G inaishia 3: tatizo ni Linux au mimi?

fundi_ligula: Wakuu, niko Mtwara mjini, nina studio ya video za harusi na unyago. Harusi moja inaniachia mafaili ya GB 200, kuyahamisha ni usiku kucha. Nikasema potelea mbali, nikaagiza Kariakoo kadi mbili za mtandao za mtumba, Intel X520, na waya wake: moja kwenye seva ya Ubuntu, moja kwenye mashine ya kuhariri. Zote zinasoma 10G, yaani gigabiti 10 kwa sekunde. Ila iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao, hata nikifungua mikondo minne, haivuki 3.1. Nikitazama top (orodha ya kazi zinazokula prosesa) kwenye seva, ksoftirqd/0, kazi ya kerneli (kiini cha Linux) ya kushughulikia pakiti kwenye kori namba 0, inakula asilimia 98, kori saba nyingine zimelala fofofo. Muuzaji anasema Linux haiwezi kazi hizi, niweke Windows. Kweli?

korosho_tu: Asikuingize mjini huyo. Umechomeka tundu refu au lile fupi? Lile fupi, PCIe 2.0 ya x1 yaani njia moja tu, halifiki hata 4G.

fundi_ligula: Refu. lspci, amri ya kuorodhesha kadi, inasema x8, njia nane.

mama_seva_lindi: Basi jibu umeshaliandika mwenyewe, ni hiyo sufuri ya mwisho kwenye ksoftirqd/0: kazi yote iko CPU0. Kwa pakiti za baiti 1500, 10G ni pakiti zaidi ya 800,000 kwa sekunde. Zamani kila pakiti ilimkatiza prosesa kazi yake. Siku hizi kuna NAPI: kadi inapiga hodi mara moja, kisha kerneli inazoa yenyewe mpaka foleni iishe. Lakini hodi zote zikipigwa mlango mmoja, ndiyo yale ya ghala la korosho msimu wa mnada: mizani minane, mpimaji mmoja. Fungua /proc/interrupts, faili linalohesabu hodi za kila kori. Ukikuta namba zote zimerundikana safu ya CPU0, washa irqbalance, inayozigawa hodi kwa kori zote. Halafu MTU, ukubwa wa juu wa pakiti, weka 9000, pande zote mbili jamani! Mimi niliwahi kusahau upande mmoja, nikakesha na mafaili yanaganda katikati.

fundi_ligula: Shikamoo mama. CPU0 mamilioni, kwingine sufuri tupu. Na irqbalance haikuwepo, niliifuta mwenyewe mwaka jana nikidhani inakula RAM bure 🙈. Sasa inasoma 9.8! Ila kunakili harusi bado ni MB 160 kwa sekunde.

mama_seva_lindi: Marahaba. Hiyo sasa ni diski yako ya kuzunguka, mtandao hauhusiki.

korosho_tu: Rudi Kariakoo, mkuu. Safari hii SSD, na usinunue kwa yule yule.